Mpira mweusi wa bei rahisi: ununue au uache?

Kiangazi ndiyo hiki, na wengi wenu kuanzia Magu hadi Sengerema mnavuta maji ziwani kumwagilia nyanya na matikiti. Swali ninaloulizwa sana: "Afisa, roli ya mpira wa plastiki chakavu bei yake iko chini. Nichukue?" Jibu: inategemea unaupeleka wapi.

Plastiki ni minyororo mirefu ya molekuli iliyojisokota, kama nyuzi za kamba. Urefu huo ndio nguvu yake. Kwenye urejelezaji, plastiki husagwa, huoshwa na kuyeyushwa upya. Kila raundi, joto, msuguano na hewa ya oksijeni hukata baadhi ya minyororo. Kamba ya nyuzi fupi hukatika upesi. Ongeza jua lililokwisha kuila plastiki hiyo kabla haijaokotwa, mchanga uliobaki, na mchanganyiko: plastiki ya madumu na ya viroba hazishikani vizuri zikiyeyushwa pamoja. Ufa huanzia hapo, na rangi nyeusi huficha yote.

Sasa hesabu. Maji yakiwa juu mita 10 husukuma kwa takriban bar 1. Simtanki kwenye mnara wa mita 3 inatoa bar 0.3 tu, mpira wa chakavu unaweza kuvumilia. Lakini pampu ya petroli inayopandisha maji mita 30 kutoka ziwani inasukuma bar 3 na zaidi, na ukiizima ghafla maji hupiga bomba kwa nguvu. Hapo nunua bomba lililoandikwa PN 6, yaani bar 6, lenye alama ya TBS. Lifukie, maana likipata joto la jua uwezo wake unapungua.

Ukiwa dukani:
- Kunja kipande. Kikipasuka, acha.
- Kata, tazama ndani. Punje na vitundu ni dalili mbaya.
- Nusa. Harufu ya kuungua inaonyesha plastiki iliyochoka.

Kufaulu majaribio haya hakutoshi kwa laini ya pampu; maandishi yawepo.

Plastiki iliyorejelezwa si adui. Nguzo za uzio, ndoo na trei za miche zinafaa kabisa. Ila nyanya zikiwa kwenye maua, siku chache bila maji maua yanadondoka, na hela uliyookoa kwenye roli inaondoka nayo. Pima kwanza mwinuko wa shamba lako, ndipo uende dukani.