Kinyama Kikitoka Mbagala Kwenda Muhimbili

Wanaochunguza saratani siku hizi hawatosheki kuambiwa tu kwamba uvimbe ni saratani. Wanataka kujua seli zake zinatengeneza protini zipi, na jeni zipi zimenyamazishwa ingawa hazijaharibika. Fani ya kwanza ni protiomiki, ya pili epijenetiki, na kwa majina hayo mtu wa Tandale au Mbagala hapa Dar es Salaam hudhani ni mambo ya ng'ambo yasiyomhusu. Yanamhusu sana. Mwanamke akikatwa kinyama cha titi, protini tatu ndizo zinazoamua apewe dawa gani, na usahihi wa jibu lake unaweza kuharibikia mikononi mwa ndugu aliyebeba kopo la kinyama hicho kwenye daladala.

Protini hizo ni kipokezi cha estrojeni, kipokezi cha projesteroni na HER2. Kwenye majibu utaziona kama ER, PR na HER2. ER ikionekana hata kwenye asilimia 1 tu ya seli za saratani, huhesabiwa chanya, na mgonjwa anaweza kufaidika na tamoxifen, vidonge vya kumezwa kwa miaka mingi na vya bei nafuu. HER2 ikipata alama 3+, dawa yake ni trastuzumab. Sasa fikiria protini imeoza kabla ya kufika maabara. Majibu yatasema hasi, na mama wa watu atanyimwa vidonge vilivyomfaa.

Lakini kuna hasi ya kweli pia, na hapo ndipo epijenetiki inapoingia. Seli inaweza kubandika alama za methaili mwanzoni mwa jeni, jeni ikanyamaza bila herufi yake hata moja kubadilika. Ni kama mgao wa umeme: nyaya ziko nguzoni, transfoma ni nzima, ila mtaa wenu uko gizani. Jeni ya ER hunyamazishwa hivyo katika baadhi ya saratani za titi, na BRCA1 vilevile. Ndiyo maana wataalamu huitafuta protini yenyewe kwenye nyama, maana kuwepo kwa jeni hakuthibitishi kwamba inafanya kazi. Na ndiyo maana nyama inatakiwa ifike ikiwa salama.

Anza na chombo, kabla mgonjwa hajaingia chumba cha upasuaji. Ukiambiwa ununue kopo, nunua lenye mdomo mpana. Chupa ya maji ya shingo nyembamba ni mtego: nyama huingia ikiwa laini, formalini, dawa ya kuihifadhi, huikaza, na kuitoa lazima chupa ikatwe au nyama ipondwe. Formalini nayo iwe nyingi, angalau mara kumi ya ukubwa wa kinyama, na kinyama kizame chote. Inayotumika ni ya asilimia 10, yenye bafa. Ukiona kinyama kimefungwa kwenye glovu, au kimewekwa kwenye maji ya chumvi ya dripu huku mnasubiri formalini itafutwe, usione haya kusema. Nyama isikae nje ya formalini zaidi ya saa moja tangu ikatwe.

Muulize nesi kwa adabu: "Samahani sista, kimeingia kwenye formalini saa ngapi?" Kisha omba saa hiyo iandikwe kwenye fomu. Swali hili dogo lina maana kubwa, kwa sababu protini hizi zinataka kinyama kikae kwenye formalini si chini ya saa 6 na si zaidi ya saa 72. Piga hesabu: kinyama kilichokatwa Ijumaa saa nne asubuhi kinatimiza saa 72 Jumatatu saa nne asubuhi, wakati wengine bado wako kwenye foleni ya Kilwa Road. Kama daktari haoni haraka ya siku hiyohiyo, omba kinyama kikatwe mwanzoni mwa wiki.

Titi zima lina shida zaidi. Formalini hupenya polepole, kama milimita moja kwa saa, hivyo titi lililotumbukizwa kwenye ndoo linaweza kuwa gumu juu huku katikati linaoza. Linapaswa kupasuliwa vipande vya takriban milimita 5 ili dawa iingie. Hiyo ni kazi ya wataalamu. Yako ni kuuliza kama imefanyika, na kulifikisha maabara siku hiyohiyo.

Jina liandikwe ubavuni mwa kopo, kamwe si kwenye kifuniko. Vifuniko vya makopo mawili vikibadilishana mezani, wagonjwa wawili wamebadilishana ugonjwa. Tumia penseli kwenye lebo ya karatasi, maana formalini ikivuja hufuta wino. Fomu ibebwe kwenye mfuko wake mkavu, na iseme titi ni la kulia au la kushoto.

Njiani, kopo liwe ndani ya mifuko miwili, limesimama wima, mbali na chakula na watoto. Usiliache kwenye dashibodi ya gari juani. Wala usiliweke kwenye friza ukidhani unalitunza kama samaki wa soko la Feri: barafu inayoganda taratibu huchana seli. Ni kweli watafiti wa protiomiki hugandisha nyama, lakini wao huigandisha papo hapo kwa naitrojeni kimiminika, yenye nyuzi 196 chini ya sifuri, kabla haijaguswa na formalini. Formalini ikikumwagikia, osha kwa maji mengi, fungua madirisha, na usiinuse. Mvuke wake ni sumu na umethibitishwa kusababisha saratani kwa wanaouvuta kwa muda mrefu.

Historia ya Afrika Mashariki ina safari moja ya kinyama ambayo kila mbebaji kopo angeifurahia. Desemba 1963, uvimbe wa mtoto ulirushwa kwa ndege kutoka Uganda kwenda kwa mtafiti Anthony Epstein huko London. Ukungu ukaifanya ndege itue Manchester. Sampuli ilipofika, maji yake yalikuwa na mawingu, dalili ya kawaida ya bakteria, na angeweza kuitupa. Akaitazama kwanza kwa hadubini: mawingu yalikuwa seli hai za saratani zilizoachana na nyama, zikielea. Kutoka kwa seli za aina hiyo, Epstein na wenzake Achong na Barr walitangaza mwaka 1964 kirusi tunachokiita leo Epstein-Barr. Bahati ya namna hiyo usiitegemee barabarani. Nyama ile ilikuwa kwenye maji ya kuoteshea seli; yako iko kwenye formalini na inahesabiwa saa.

Ukifika maabara, iwe ya hospitali ya Muhimbili pale Upanga au ya binafsi, usiondoke bila namba ya maabara. Ipige picha. Gharama zikikushinda, ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini ndiyo inayoshughulikia misamaha, na ni vyema kwenda huko mapema kuliko kuacha kinyama kikae bila kusomwa.

Majibu yakirudi ER hasi, PR hasi, muulize daktari jambo moja: je, seli za kawaida za titi zilizokuwa kando ya saratani zilishika rangi? Seli hizo kwa kawaida hubeba ER. Nazo zikiwa tupu, huenda kosa ni la utunzaji, na kipimo kirudiwe kwenye kipande kingine. HER2 ikisomeka 2+, bado si jibu. Inahitaji kipimo cha ziada cha jeni yenyewe.

Huenda ukaombwa pia kinyama kitumike kwenye utafiti. Soma fomu ya ridhaa, au usomewe kwa Kiswahili. Uliza utafiti umepata kibali cha maadili cha nani (NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, hutoa vibali vya kitaifa), kama nyama itasafirishwa nje ya nchi, na kama utaletewa matokeo. Ukikataa, matibabu yako hayabadiliki.

Kinyama kikishasomwa hubaki kwenye bloku ya nta, na maabara huitunza kwa miaka. Ukihamishiwa hospitali ya saratani ya Ocean Road, uliza kama bloku na vioo vya hadubini vinahitajika huko. Na saratani ikirudi baada ya miaka, mfupani au kwenye ini, usikubali dawa ipangwe kwa majibu ya zamani pekee pale kinyama kipya kinapowezekana: jeni iliyokuwa ikisema inaweza kuwa imenyamazishwa, na iliyonyamaza ikawa inasema.