Wino wa UV kwenye Boksi la Chakula: Fanya Hivi, Usifanye Vile

Benzofenoni ni unga mweupe unaoyeyuka kwenye nyuzi 48 hivi. Viwanda vya dawa huanzia kwayo kutengeneza difenihidramini, dawa ya mzio. Sisi wachapaji tunaijua ndani ya wino na vanishi: taa ya UV ikiupiga wino, kemikali hii huamsha ukaukaji papo hapo. Ni kemikali ya kazi. Mahali pake si tumboni mwa mtoto.

FANYA

Mwambie muuza wino kabla ya kuagiza kwamba unachapa boksi la chakula. Dai wino usiohama, na udai maandishi. Benzofenoni ya kawaida ina molekuli ndogo: hupenya kadibodi, tena husafiri kama mvuke hadi kwenye chakula kisichougusa wino.

Pima nguvu ya taa na ufute vioo vyake. Taa ya zebaki huzeeka huku ikiwaka. Jicho halitakuonyesha.

Peleka sampuli maabara. Kwa plastiki, Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha miligramu 0.6 za benzofenoni kwa kilo ya chakula. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka kwenye kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani.

Vaa glavu. Wino mbichi wa UV huleta mzio wa ngozi, na ukishakupata haukuachi.

USIFANYE

Usiseme, "Nimechapa nje, chakula kiko ndani." Mwaka 2005 Italia ilikamata mamilioni ya lita za maziwa ya watoto kwa sababu ya ITX, kemikali ya kazi hiyohiyo. Wino ulikuwa nje ya pakiti. Lakini karatasi ikiviringishwa, uso wenye wino hulalia uso utakaogusa maziwa. Fikiria hilo kila unapopanga mzigo.

Usiongeze benzofenoni kwa kukisia ili mashine ikimbie. Isiyotumika hubaki kwenye wino, ikitafuta pa kwenda.

Usiamini kidole. Wino mkavu juu unaweza kuwa mbichi chini.

Usitegemee mfuko wa plastiki ndani ya boksi, polithini huipitisha benzofenoni. Alumini ndiyo huizuia. Mwaka 2009 Ujerumani na Ubelgiji zilikuta metilibenzofenoni, ndugu yake, kwenye nafaka za kifungua kinywa. Ilitoka kwenye maboksi.

Usinunue kadibodi iliyorejelewa bila vipimo. Wino wa maboksi ya zamani umo humo.