Somo la Wiki: Chumba Kimoja Kina Joto, Kingine Kina Baridi



Majira ya baridi yameingia hapa Minnesota, na darasani sentensi moja inarudi kila Jumamosi: "Mwalimu, mimi ni baridi." Tuinyooshe kwanza. Kwa Kiswahili mtu hawi baridi, bali huisikia. Sema "Nasikia baridi" au "Naona baridi." Chumba nacho huwa *na* baridi: "Chumba changu kina baridi." Ukitaja mahali, tumia *ku-*: "Chumbani kwangu kuna baridi, lakini sebuleni kuna joto."

Sentensi hiyo ya mwisho mtoto akiisema nyumbani, anatoa taarifa muhimu. Mbona nyumba ni moja na joto si moja?

Nyumba nyingi za hapa zina tanuru la gesi katika chumba cha chini. Tanuru hupasha hewa moto, feni kubwa huisukuma kwenye mabomba ya bati, nayo hutokea vyumbani kupitia matundu ya sakafuni au ukutani. Hapo wengi huishia. Lakini kuna matundu mengine, mara nyingi makubwa zaidi, ambayo hayatoi hewa: yanaivuta irudi kwenye tanuru ikapashwe tena. Hewa isipoweza kurudi, nyingine haiji. Ndiyo maana chumba chenye mlango uliofungwa usiku kucha huweza kupoa hata kama tundu lake ni zima.

Sasa sarufi kidogo, maana kazi hii yote ni ya vitenzi viwili viwili. Kiswahili hugeuza tendo kwa kubadili mwisho wa kitenzi: *ziba* na *zibua*, *funga* na *fungua*, *funika* na *funua*, *kunja* na *kunjua*, *vaa* na *vua*. Msikilizeni baba na binti yake:

"Baba, chumbani kwangu kuna baridi."

"Tundu la hewa umelifunika na nini?"

"Zulia, na kochi liko juu yake."

"Basi lifunue, mwanangu. Kisha chukua kipande cha karatasi laini ya chooni, ukishike mbele ya tundu. Kinapepea?"

"Kidogo sana, baba."

"Nenda na kwenye lile tundu kubwa la ukumbini. Karatasi inavutwa?"

"Haivutwi hata kidogo."

"Haya, twende chini tukaangalie chujio."

Baba huyu anajua anachofanya. Karatasi haikuvutwa ukumbini, na hilo linaonyesha shida haiko chumbani kwa binti peke yake. Chujio ni ile fremu ya karatasi inayonasa vumbi kabla hewa haijaingia kwenye tanuru. Likijaa vumbi, feni hukosa pumzi na vyumba vya mbali ndivyo hukosa joto mwanzo. Chujio jembamba, la inchi 1, hubadilishwa kila mwezi mmoja hadi mitatu. Zima tanuru kwanza, toa la zamani, weka jipya la kipimo kilekile, na mshale uliochorwa pembeni uelekee kwenye tanuru.

Ikiwa chujio ni safi na chumba kimoja tu ndicho kina baridi, fuata bomba lake kule chini. Mabomba mengi yana kijishikio kidogo. Kikilala sambamba na bomba, njia iko wazi. Kikikatiza bomba, njia imefungwa. Angalia pia kama bomba limeachana kwenye maungio. Pengo dogo huzibwa kwa utepe wa karatasi ya alumini. Ule utepe wa kijivu wa kitambaa, ingawa uko kila nyumba, hubanduka kwa joto.

Wako wanaofunga matundu ya vyumba visivyotumika wakidhani wanaokoa gesi. Mimi siwashauri. Feni inaendelea kusukuma vilevile, hewa inatafuta pa kuvujia, na tanuru linafanya kazi kwa taabu.

Wazazi, hapa ningependa mtulie kidogo. Baridi ikizidi, msiwashe jiko la mkaa ndani, wala msiache mlango wa oveni wazi ili kupasha nyumba joto. Kule kwetu jiko huwekwa uani au jikoni penye upenyo. Nyumba za huku zimezibwa kila upande, na mkaa hutoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Huanza kwa kichwa kuuma na kichefuchefu, na huweza kuua watu wakiwa usingizini. Sheria ya Minnesota inataka kengele ya hewa hiyo iwe ndani ya futi 10 kutoka kila chumba cha kulala. Ikilia, tokeni nje wote, kisha pigeni 911. Watoto, zoezeni maneno haya kwa sauti: "Kengele inalia! Tokeni nje!"

Wanaoishi katika nyumba ya kupanga wajue pia kwamba sheria ya jimbo inamtaka mwenye nyumba atoe joto la angalau digrii 68 za Fahrenheit, yaani 20 za Selsiasi, kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 30 Aprili. Mkilalamika, andikeni: tarehe, saa, chumba, na kipimo cha joto. Mtoto anayejua kusoma kipimajoto anaweza kuifanya kazi hiyo.

Zoezi la nyumbani

1. Pita kila chumba na karatasi yako. Andika sentensi moja kwa kila chumba ukitumia *kina* au *kuna*.

2. Jaza kinyume: Tundu limezibwa na vumbi, tuli____. Mlango umefungwa, u____. Umeingia ndani na koti, li____.

3. Mpigie simu bibi au babu. Baada ya shikamoo, mweleze kwa sentensi tano hewa ya moto inavyotoka kwenye tanuru hadi kitandani kwako, na inavyorudi. Akikuuliza swali usiloweza kujibu, liandike ulilete Jumamosi.