Kazi ya Afya ya Akili: Jinsi ya Kuandika Wasifukazi

Sheria ya Afya ya Akili, kama ilivyorekebishwa mwaka wa 2022, inazitaka serikali za kaunti kutoa huduma za afya ya akili katika vituo vyao. Huduma hizi haziwezi kuachiwa Hospitali ya Mathari pekee, iliyoanzishwa mwaka wa 1910. Ni sharti zifike mitaani, ikiwemo Mukuru kwa Reuben, na kazi hiyo inahitaji wauguzi, maafisa wa kliniki, washauri nasaha na madaktari. Vijana wa mtaa waliosomea taaluma hizi wapo, lakini baadhi yao hawaitwi kwa mahojiano kwa sababu wasifukazi wao, yaani CV, hauonyeshi wanachokiweza.

1. Leseni itangulie
Chini ya jina, simu na barua pepe, mwombaji aandike taaluma yake, nambari ya usajili na tarehe ya leseni kuisha. Muuguzi husajiliwa na Baraza la Wauguzi, afisa wa kliniki na Baraza la Maafisa wa Kliniki, na mshauri nasaha chini ya sheria ya mwaka wa 2014. Cheo kiwe kile alichosajiliwa nacho. Aliyemaliza kozi fupi ya ushauri asijiite mwanasaikolojia. Mgonjwa anaweza kukabidhiwa mtu asiyeweza kumsaidia.

2. Kazi ielezwe kwa vitendo
“Nilifanya kazi wodi ya akili” haimwambii msomaji lolote. Afadhali: “Wiki 8 katika wodi ya wanawake: nilipokea wagonjwa wapya, nilikagua dalili za kutaka kujidhuru, nilitoa dawa chini ya usimamizi, na nilizungumza na familia kabla ya mgonjwa kwenda nyumbani.” Kazi ya karibuni ianze, na miaka iandikwe.

3. Kazi ya mtaani isiachwe nje
Wengi hudhani kujitolea hakuhesabiki. Mkazi wa Reuben aliyetembea nyumba kwa nyumba na wahamasishaji wa afya ya jamii, au aliyeongoza kikundi cha vijana wanaoacha pombe, ana ujuzi ambao darasa halitoi. Aandike alichofanya, muda wake na msimamizi wake, kisha aombe barua ya kuthibitisha. Lugha pia zitajwe. Anayeweza kumsikiliza mama kwa Kikamba au kijana kwa Sheng atasikia mambo ambayo mwingine hataambiwa.

4. Siri ya mgonjwa ilindwe
Hapa ndipo wengi huharibu. Ili kuonyesha uzoefu, mtu husimulia kisa cha jirani aliyemsaidia. Hata bila jina, kutaja ploti, kazi na mwezi kunatosha kumtambulisha mtu mtaani ambako nyumba zimebanana. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 inalinda habari za mgonjwa. Aliyeivunja siri katika wasifukazi amejikosesha kazi kabla ya kuipata. Maneno kama “chizi” au “mwendawazimu” yasitumike kamwe. Yaandikwe “mtu anayeishi na ugonjwa wa akili”. Mwombaji aliyewahi kuugua mwenyewe si lazima alitaje jambo hilo.

5. Wadhamini
Watu watatu wanatosha, angalau mmoja awe amemsimamia kazini. Waombwe ruhusa mapema, na nambari zao zihakikishwe kuwa zinapatikana.

Kabla ya kutuma
Kwa anayeanza kazi, kurasa mbili zinatosha. Tangazo lisomwe tena, na kila sifa inayotakiwa ionekane kwenye wasifukazi, iwapo mwombaji anayo. Nakala za vyeti ziambatanishwe kama tangazo linavyoagiza. Anayechapia saiba afute nakala ya kitambulisho kwenye kompyuta na kufunga barua pepe yake kabla ya kuondoka.

Kuomba kazi ya umma hakulipiwi. Anayedai “kitu kidogo” ili jina lipite ni tapeli, na hapaswi kupewa pesa wala vyeti halisi.

Mwisho, mtu mwingine apewe wasifukazi ausome kwa dakika moja, kisha aulizwe: mwombaji huyu ameruhusiwa kufanya kazi gani, na amewahi kumhudumia mgonjwa vipi? Akishindwa kujibu, uandikwe upya.