Apophis na makutano ya Makambako

Kuna video inazunguka kwenye magrupu yetu hapa Njombe: eti Ijumaa tarehe 13 Aprili 2029 jiwe la angani litamaliza dunia. Binti mmoja kaniuliza kama kuna haja ya kuomba chuo. Nikamwambia aombe.

Jiwe lenyewe lipo kweli. Linaitwa Apophis, lina upana wa mita kama 340, na liligunduliwa mwaka 2004. Desemba ya mwaka huo, uwezekano wa kutugonga ulihesabiwa hadi asilimia 2.7. Si mchezo.

Sasa tazama njia yake. Hulizunguka Jua kwa siku kama 324, na humo hukatiza njia ya Dunia. Ila kukatiza si kugongana. Pale Makambako, lori la kutoka Songea na basi la kwenda Mbeya hupita makutano yaleyale kila siku. Hatari ni yakifika dakika ileile. Kwa hiyo kazi ni kuijua hiyo dakika. Vipimo vya rada vya Machi 2021 viliipata vizuri, NASA wakasema kwa miaka 100 hivi halitugongi.

Litapita kilomita kama 32,000 juu yetu, chini kuliko satelaiti zinazoleta picha kwenye madishi yetu. Mvuto wa Dunia utaipinda njia yake, na mzunguko wake utazidi mwaka mmoja.

Halafu hao wa video wanataja tarehe! Someni Mathayo 24:36.

Litaonekana kwa macho matupu, kama nyota inayotembea polepole. Aprili Njombe ina mawingu, tuombe yafunguke. Na mbebe masweta.