SABABU GANI MBWA ANAFANYA VILE?



Mbwa tunaye karibu kila lupango, lakini ni wachache wanaomchunguza. Wengine wanamtupia mawe na kusema: « Huyu ni wa wachawi. » Basi leo tuangalie desturi zake, moja moja, na tuulize sababu.

Kwanza tujue hivi: mbwa ni wa ukoo wa mbwa-mwitu wa nchi za baridi. Alianza kukaa na watu zaidi ya miaka 14.000 iliyopita. Lakini pori haijamtoka kabisa.

1. Anazunguka mbele ya kulala. Wazee wake walilala mu majani marefu. Wenye elimu wanafikiri kwamba walikuwa wanazunguka ili kulaza majani na kufukuza wadudu. Wa leo analala juu ya sima, lakini anazunguka tu.

2. Anafukia mfupa. Mu pori nyama haipatikani kila siku. Kile kinachobaki kinawekwa chini ya udongo, wengine wasikione. Ni ghala yake.

3. Ananusa na kukojoa kila mahali. Mtu yuko na chembe za kunusa karibu milioni 5 ao 6. Mbwa anaweza kuwa nazo zaidi ya milioni 200. Kwake mkojo ni kama barua: anajua nani alipita, dume ao jike, zamani ao sasa hivi. Naye anaacha jibu lake.

4. Anatoa ulimi na kuhema. Sisi tunatoka jasho mwili mzima; yeye anatoka jasho kidogo tu chini ya miguu. Mate yakikauka juu ya ulimi, joto inapungua. Basi kumfunga mu jua bila maji ni kumwua.

5. Anakula majani. Watu wanasema ni tumbo inamuuma. Pengine ni kweli, lakini si kila mara: mbwa mzima pia anakula, na hata mbwa-mwitu.

6. Analia usiku kwa sauti ndefu. Hapa ndipo tunaogopa: eti mtu atakufa! Hapana. Mbwa-mwitu wanaitana vile wakiwa mbali. Mbwa akiwa peke yake, ao akisikia mwenzake, naye anaitika. Ni mwito, si habari ya kifo. Mbwa wa mapori yetu ya Kongo, wanaoitwa basenji, wao hawabweki kama wengine. Kwa hiyo wawindaji wanawafunga kengele ya mti kwa shingo.

JAMBO LA KUOGOPA KWELI

Tunaogopa kile kisichoua, na kile kinachoua tunakizarau. Mbwa aliyebadilika gafula, anayeuma bila kuchokozwa, mate inamwagika, sauti imegeuka, miguu ya nyuma inalegea: huyo anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu unapita kwa mate yake. Usimkaribie, usimpige, ita watu wakubwa.

Akikuuma, ao akilamba kidonda chako:
a) osha pale kwa maji mengi na sabuni, dakika 15;
b) usiweke dawa ya majani wala jiwe jeusi;
c) enda lopitali siku ile ile kwa chanjo, hata kidonda kikiwa kidogo.

Usifiche kwa kuogopa kugombezwa. Dalili zikionekana kwa mtu, karibu kila mara ni kifo. Lakini chanjo ya mapema inaponyesha: tangu 1885 Louis Pasteur alimtibu kwayo Joseph Meister, kijana wa miaka 9, naye akapona. Na mbwa wetu wapewe chanjo.

MAULIZO
1. Sababu gani mbwa anahema?
2. Mbwa akilia usiku, utamjibu nini mdogo wako anayeogopa?
3. Mwenzako ameumwa na hataki kusema. Utafanya nini?

Mkubwa wa wanafunzi, kalasi ya mwisho