Maneno ya Kiingereza Yaliyomo Katika Hati za Mikopo

Wasomaji wengi wajuao Kiingereza cha mazungumzo na cha magazeti hukwama wanapopewa hati ya mkopo waitie sahihi. Maneno yaliyomo si marefu, wala hayatishi kwa sura. Hatari yake ni kwamba yafanana na maneno tuliyokwisha kuyazoea.

Tulitazame kwanza neno "severally". Hapa Kenya hutumiwa sana kwa maana ya mara nyingi: mtu husema, "I have called you severally," akikusudia kwamba amekuita mara kwa mara. Katika Kiingereza sanifu sivyo. Maana yake ni kila mmoja peke yake. Sasa chukua hati iliyotiwa sahihi na watu watatu waliokopa shilingi 300,000, nayo yasema kwamba wao ni "jointly and severally liable". "Liable" ni mwenye kuwajibika kisheria, na "jointly" ni kwa pamoja. Basi yule adhaniye kwamba fungu lake ni shilingi 100,000 tu amekosea. Mwenzake mmoja akihama na wa pili akifilisika, mdai aweza kumshika yeye peke yake kwa deni lote. Akiisha kulipa, ana haki ya kuwadai wenzake mafungu yao, lakini taabu ya kuwatafuta ni yake, si ya mkopeshaji.

"Waive" nalo lina hila. Hutamkwa sawasawa na "wave", yaani kupunga mkono, lakini maana yake ni kuiacha haki yako kwa hiari. Atiaye sahihi chini ya maneno "I waive my right to notice" amekubali kuchukuliwa hatua bila kupewa taarifa.

"Mortgage", yaani rehani, latokana na Kifaransa cha kale, lugha iliyoingia katika mahakama za Uingereza baada ya Wanormani kuiteka nchi hiyo mwaka 1066. "Mort" ni kufa, na "gage" ni dhamana. Herufi "t" haitamkwi, jambo liwakosealo hata wasemaji hodari.

Zoezi: itafsiri sentensi hii kabla ya kutazama jibu. "The guarantor shall forfeit the deposit if the borrower defaults."

Jibu: Mdhamini atapoteza amana iliyowekwa iwapo mkopaji atashindwa kulipa. Angalia kwamba apotezaye si yule aliyezitumia fedha.